Insia na Sayansi za Jamii katika Shule ya Msingi: Mfano wa Bukoba na Muleba

Kila unapozuka mjadala wa elimu nchini Tanzania, aghalabu husikika kwamba hisabati na sayansi ndizo zinazostahili kutiliwa mkazo katika shule za msingi, na kwamba historia, uraia na jiografia ni masomo ya kukariri tu. Ni kweli kwamba mahali pengi hufundishwa kwa kukaririshwa. Hata hivyo, kasoro ya ufundishaji haiwezi kuwa hoja dhidi ya taaluma yenyewe, na Mkoa wa Kagera unalidhihirisha jambo hilo.

Huko Katuruka, eneo la Maruku, Bukoba Vijijini, wazee walisimulia kizazi hata kizazi kwamba penye mti uitwao Kaiija, Mukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani aliyasikiliza masimulizi hayo, akachimba pale alipoonyeshwa, na matokeo akayachapisha katika kitabu cha mwaka 1978. Yalipatikana mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2000, ilhali Rugomora Mahe anakadiriwa kutawala katika karne ya 17. Masimulizi, basi, yalikuwa sahihi kuhusu mahali na kuhusu kazi iliyofanyika hapo, lakini si kuhusu wakati: jambo la kale mno lilikuwa limepachikwa jina la mtawala wa karibu zaidi. Mtoto wa darasa la tano anayeongozwa kutenga yanayothibitika na yasiyothibitika katika simulizi kama hilo anajifunza kupima ushahidi, na stadi hiyo haipungui ile ya maabara. Mnara wenyewe nao si wa kupuuzwa, kwani unaeleza jinsi utawala ulivyojiegemeza kwenye chuma.

Yapo maoni kwamba mambo ya namna hii yafundishwe nyumbani. Kwa Kagera hoja hiyo ni dhaifu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, na ugonjwa huo uliwachukua zaidi watu wa umri wa kuzaa na kulea. Katika kaya nyingi walibaki mabibi na wajukuu, na kiungo cha kati kikakatika. Msimulizi alipokufa bila kurithiwa, alikwenda na simulizi lake. Mahali kama hapo shule hailizidishii somo la nyumbani. Mara nyingi inashika nafasi yake.

Muleba nayo ina mfano wa aina nyingine. Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hatimaye hali hiyo iliwapata wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi, na tatizo likaenea hadi Nshamba. Madaktari Rankin na Philip, walioandika juu yake mwaka 1963, hawakupata kijidudu wala sumu. Maelezo yanayokubalika zaidi leo yanahusu shinikizo lililowakabili vijana wale, yaani ni maelezo ya kijamii. Elimu ya viumbe peke yake isingewafikisha hapo.

Kwa mwanaisimu lipo pia suala la msamiati. Neno la Kihaya *ekibanja* hufasiriwa "shamba", lakini ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba na kurithiwa katika ukoo. *Nyarubanja* ulikuwa mfumo wa umiliki uliomfanya mkulima amlipe bwana kodi kwa ardhi aliyoilima mwenyewe, mfumo uliokomeshwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hizo kwa Kiswahili fasaha atayajua maneno mawili ya bibi yake bila kuijua migogoro ya ardhi iliyo nyuma yake, na Kiswahili chake kitabaki hakina istilahi za kuijadili.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika elimu ya msingi. Jina hilo linabeba kazi mbili zisizofanana. Maadili huelekea kumpa mtoto jibu. Historia humtaka aulize jibu limetoka wapi. Mwalimu wa Maruku mwenye kipindi kimoja atalazimika kuchagua aanzie wapi, na Katuruka haiko mbali na darasa lake.