Tairi la Nyuma Baada ya Kubadili Beringi: Kweli au Uongo?

Mahongole, kata ya Mji wa Makambako mkoani Njombe, msimu wa mvua hauna huruma na pikipiki. Boda inabeba gunia la mahindi au viazi kwenye njia ya tope, maji na mchanga vinapenya kwenye habu, na beringi za nyuma zinaanza kulia. Kununua nyingine si kazi kubwa. Lakini mpya nazo zikifa mapema, usikimbilie kusema ni feki: huenda zimeuawa na namna tairi lilivyorudishwa. Haya ndiyo yanayosemwa vijiweni.

"Beringi zikiwa mpya, kazi imekwisha."
UONGO. Katikati ya habu, baina ya beringi mbili, hukaa bushi: kibomba kifupi ambacho ni rahisi kukisahau sakafuni. Nati ya ekseli inapokazwa, bushi hiyo ndiyo inayozuia pete za ndani zisivutwe kuelekeana. Ikikosekana, au ikiwa imelika ikawa fupi, gololi hubanwa ubavuni, beringi inapata moto na kufa. Ipime hivi: kabla ya kuvalisha cheni, na breki ikiwa imelegezwa, zungusha tairi nati ikiwa haijakazwa. Kaza, kisha zungusha tena. Likiwa zito kuliko mwanzo, fungua uikague bushi. Kulegeza nati ili tairi lizunguke ni kuficha ugonjwa.

"Beringi gonga popote, mradi iingie."
UONGO. Inapoingia kwenye habu, nguvu iende kwenye pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho; utavisikia barabarani. Tumia soketi ya spana inayokaribiana na upana wa pete ya nje. Ingiza ya kwanza hadi ikae kabisa, weka bushi, kisha ingiza ya pili mpaka iguse bushi. Hapo acha nyundo.

"Ikipita kwenye ekseli, inafaa."
UONGO. Beringi namba 6202 na 6302 zote zina tundu la milimita 15, lakini kwa nje ya kwanza ina milimita 35 na ya pili 42. Hata unene hutofautiana: 11 kwa 13. Soma namba iliyochongwa kwenye beringi ya zamani kabla hujaitupa. Na beringi ikiingia kwa kusukumwa na kidole, kikombe cha habu kimeshalika; kukibana kwa kipande cha kopo la soda hakudumu.

"Beringi yenye sili pande zote haihitaji kuongezwa grisi."
KWELI. Imejazwa kiwandani, na kuifumua sili ni kuialika michanga. Grisi kidogo ipakwe kwenye ekseli na kwenye mdomo wa sili ya habu. Isifike kwenye drami: breki shuu ikilowa grisi haishiki.

"Bushi za pembeni ni zilezile, kushoto na kulia."
UONGO kwa pikipiki nyingi. Urefu hutofautiana. Zikibadilishana nafasi, sproketi ya nyuma haitanyooka na ya mbele, na cheni itakula meno upande mmoja. Unapofungua, zipange chini kwa mfuatano uleule zilivyotoka.

"Cheni kaza mpaka isicheze."
UONGO. Abiria na mzigo wakipanda, mkono wa nyuma unaoshika tairi unapanda na cheni inazidi kukaza. Isipokuwa na nafasi, inavuta beringi mpya pamoja na ile ya sproketi ya mbele. Pikipiki nyingi ndogo hutaka mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni. Kitabu cha pikipiki yako ndicho cha mwisho.

"Breki ikishika pale gereji, inatosha."
UONGO, na huu ni wa hatari kuliko yote. Kile chuma kinachounganisha sahani ya breki na mkono wa nyuma kisipofungwa, ukikanyaga breki sahani huzunguka na tairi, fimbo ya breki inapinda au kukatika, na tairi linaweza kujifunga ghafla. Kabla ya kulipa, mwambie fundi akuonyeshe nati ya chuma hicho na ile ya ekseli. Palipo na pini, iwe mpya.