Dawa ya mafua ya Kichina ina mitishamba, na kitu kingine ndani

Kwa tabibu wa asili wa China, mafua si ugonjwa mmoja. Anayetetemeka huku makamasi yakichuruzika kama maji kapigwa na "upepo wa baridi". Mwenye homa, koo linalouma na makamasi mazito ya njano, huyo ni "upepo wa joto".

Wa kwanza anapashwa moto: tangawizi, sehemu nyeupe ya kitunguu majani na sukari guru vinachemshwa, anakunywa vikiwa vya moto, anajifunika atoke jasho. Wa pili anapozwa, mara nyingi kwa Yinqiao, mchanganyiko wa maua makavu, mnanaa na mimea mingine.

Mpaka hapo hakuna neno. Shida ipo kwenye pakiti za dukani.

Chukua Ganmaoling, dawa ya kukoroga kwenye maji moto. Mitishamba imo kweli, ila kwa kawaida kila pakiti ina pia miligramu 200 za parasetamoli, pamoja na dawa ya mzio inayoleta usingizi. Mtu anakunywa akidhani ni majani matupu, halafu anaongeza Panadol juu yake. Yaani parasetamoli mara mbili! Kikomo kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24. Ikizidi, ini linaweza kuharibika.

Kwa walioko Guangzhou kimasomo au kibiashara, geuza pakiti usome viambato. Ukiona 对乙酰氨基酚, hiyo ndiyo parasetamoli.