Jumla Limbikizi katika Utatuzi wa Tatizo la Safu: Mfano wa Vipimo vya Mvua Bujumbura

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na maji yakaingia katika makazi ya Gatumba, magharibi mwa Bujumbura. Katika mji uliokaa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kipimo cha mvua ya siku moja hakitoshi kueleza hatari. Huhitajika pia jumla ya siku kadhaa mfululizo. Makala haya yanaeleza jinsi anayeanza kujifunza kuandika programu anavyoweza kuipata jumla hiyo kwa haraka.

2.0 Tatizo

Safu ni mfuatano wa thamani, kila moja ikiwa na nafasi yake. Ichukuliwe kwamba mvua ya siku saba, kwa milimita, ni 4, 0, 12, 7, 0, 20 na 3. Je, kuanzia siku ya 3 hadi ya 6 ilinyesha kiasi gani? Anayeanza hujumlisha moja kwa moja: 12 + 7 + 0 + 20 = 39. Jibu ni sahihi, lakini kwa vipimo vya siku 365 na maswali 1,000, kompyuta huweza kusoma thamani hadi mara 365,000.

3.0 Utatuzi

Jumla limbikizi huandaliwa mara moja tu, kwa kuanzia na sifuri: 0, 4, 4, 16, 23, 23, 43, 46. Jumla ya kipindi chochote ni limbikizo la siku ya mwisho kutoa limbikizo la siku inayotangulia ya kwanza. Hapa ni 43 − 4 = 39. Maswali 1,000 sasa yanahitaji majumlisho 365 na matoleo 1,000.

Kosa la kawaida ni kutoa limbikizo la siku ya 3 yenyewe: 43 − 16 = 27. Milimita 12 hupotea, na programu haitoi onyo lolote.

4.0 Hitimisho

Mbinu hii ina masharti mawili. Kipimo kikisahihishwa, malimbikizo yote kuanzia siku hiyo hukokotolewa upya. Aidha, siku isiyopimwa si siku isiyo na mvua. Ikijazwa sifuri, upungufu huo huingia katika kila kipindi kinachoijumuisha. Kwa washauri wa sera, kasi ya kompyuta haiwezi kufidia pengo katika daftari la vipimo.