Upepo Ndani ya Kiganja

Umewahi kurusha tiara ufukweni? Upepo huuoni, lakini uzi ukikaza kidoleni unajua upepo umeishika tiara. Uzi ukilegea, unajua tiara inataka kushuka hata kabla hujainua uso. Rubani wa ndege ndogo naye ana uzi wake, nao ni usukani.

Zamani, mwaka 1929, kijana mmoja wa Marekani aitwaye Edwin Link alitengeneza ndege isiyoruka. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, New York. Link akachukua mivukuto, ile mifuko inayopuliza hewa ndani ya kinanda, akaiweka chini ya kibanda chenye mabawa mafupi. Mwanafunzi akisogeza usukani, kibanda kinainama. Maelfu kwa maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili walijifunzia humo.

Leo kibanda hicho kimeingia kwenye kompyuta, nasi tunakiita simuleta. Usukani wake ni jostiki. Jostiki ya kawaida ina springi tu, na springi haijui kitu: ndege iwe imeegeshwa au inapiga mbizi kutoka mawinguni, inavuta vilevile. Hilo mimi naliona pengo kubwa. Katika ndege ya kweli hewa ndiyo inayosukuma vibao vya bawa na mkia. Mwendo ukitoka kilomita 100 kwa saa ukafika 200, msukumo wa hewa hauzidi mara mbili. Unazidi mara nne!

Ndipo ikaja jostiki inayorudisha nguvu. Ndani yake mna mota mbili, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia. SideWinder Force Feedback Pro, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1997, ilikuwa hata na kihisio kwenye mpini: ukiachia mkono, mota zinanyamaza.

Basi tuseme jioni hii unayo moja mezani. Ifunge imara kwanza, maana zilizo na nguvu nyingi huweza kujinyanyua. Chomeka umeme wake, kisha waya wa kompyuta, na usiiguse inapojizungusha kutafuta katikati yake. Fungua simuleta. Simuleta iitwayo DCS World inaielewa jostiki ya aina hii yenyewe. Nyingine, X-Plane, huhitaji programu ndogo ya kuiunganisha na jostiki. Weka nguvu chini, robo hivi, uongeze kidogo kidogo.

Sasa jaribu kusawazisha ndege, yaani kuzungusha kile kigurudumu ambacho rubani hukitumia ili mkono upumzike. Hapa ndipo uhondo ulipo. Kwenye jostiki ya springi, katikati ni palepale siku zote; ukishasawazisha lazima uirudishe pole pole, la sivyo ndege inaruka pua juu. Kwenye hii, katikati yenyewe inahama. Unashikilia, unazungusha, uzito unayeyuka kiganjani, na jostiki inabaki pale ulipoiacha, imeinama kidogo, kama ya ndege kweli.

Ikiwa unasawazisha pua nayo jostiki inakwenda ubavuni, usidhani imeharibika. Simuleta imechanganya mihimili. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuibadilisha. Ikikimbilia mwisho kwa kishindo, nguvu imegeuzwa upande; toa mkono, punguza, geuza.

Baada ya hapo, panda hadi mita 1,000. Punguza injini na uvute usukani taratibu. Utausikia ukilegea, kama uzi wa tiara. Kisha utaanza kutetemeka: mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Usitazame saa za mbele yako. Sukuma usukani mbele, ongeza injini, usubiri mpaka uzito urudi mkononi.