Kasuku Alimjua Kila Mtu, Isipokuwa Mke Wangu

Basi bwana, ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu usiku. Mke wangu kaingia kutoka kazini, kachoka, mfuko wa nyanya mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Ukutani, kasuku wa mbao niliyemhangaikia miezi miwili akageuza kichwa, akafungua mdomo na kusema kwa sauti yangu mwenyewe: "Karibu, bosi!"

Hiyo ilikuwa salamu yangu mimi. Yake ilikuwa "Karibu nyumbani, malkia."

Akamtazama kasuku, akanitazama mimi. "Hata ndege wako hanijui," akasema, akapitiliza jikoni.

Mimi ni mhasibu, si fundi. Lakini tangu shule napenda kufungua redio za watu, na Jumamosi wenzangu wakienda kuangalia mpira, mimi nakwenda Kariakoo kutafuta nyaya. Wazo la kasuku lilinijia tulipokaribia kutimiza miaka mitatu ya ndoa. Maua yananyauka, manukato nilishanunua mara mbili. Nikasema safari hii namtengenezea kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine hapa Sinza anacho.

Vifaa vyenyewe si vingi. Ubongo wa kasuku ni Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 ili vijana wajifunze kuandika programu. Kifuani kuna kamera ndogo, mgongoni spika niliyoing'oa kwenye redio iliyokufa. Halafu mota mbili za gramu 9 kila moja: moja inageuza kichwa, nyingine inafungua mdomo. Seremala wa mtaani alimchonga ndege kwa mninga, akaniuliza mara tatu kama kweli nina mke. Gharama sitaitaja. Mke wangu anasoma jarida hili.

Kosa la kwanza nililofanya ni kuzipa mota umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Kila kasuku akigeuza kichwa umeme unashuka, kompyuta inazima na kuwaka upya. Wiki nzima nilikuwa na ndege anayezimia kila akiona mtu. Mota zipe chaja yake, ila nyaya hasi za pande zote mbili ziunganishwe pamoja.

Kutambua sura ndiko kutamu. Nilitumia OpenCV, mkusanyiko wa programu za bure za kuipa kompyuta macho. Kwanza inatafuta kama kuna uso wowote mbele yake, kwa njia waliyoibuni Paul Viola na Michael Jones mwaka 2001. Haitafuti jicho wala pua kama wewe na mimi. Inatafuta mpangilio wa giza na mwanga: sehemu ya macho huwa nyeusi kuliko mashavu, na mgongo wa pua hung'aa kuliko pembeni yake. Ikiupata uso, inaukata vipande vipande kama ubao wa drafti, inapima mwanga wa kila kipande, kisha inatafuta picha inayofanana nao zaidi kati ya zile ulizoifundishia. Inakupa jina na namba. Namba ndogo ndiyo nzuri, sifuri maana yake picha ni ile ile. Mimi nilidhani ni maksi za mtihani, nikawa nashangilia 120.

Usiku ule sikulala. Nikafungua folda la picha za mafunzo. Zangu zilikuwa 214, maana nilikuwa najipiga mwenyewe kila nikijaribu. Za jamaa yangu anayekuja kuangalia mpira, 31. Za mke wangu tisa. Sita za harusi, kapambwa na shela kichwani. Mbili za Bagamoyo, kavaa miwani ya jua. Moja kalala.

Ndiyo maana akawa bosi. Uso wake kwenye mwanga hafifu ulikuwa ukilinganishwa na picha zangu 214 za kila aina ya giza. Isingekosekana mojawapo ya kukaribiana.

Nikatafuta utetezi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu programu tatu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, lakini kwa wanawake weusi mbili kati ya hizo zilikosea zaidi ya asilimia 34. Asubuhi nikamsomea mke wangu mezani. "Unaona? Ni tatizo la dunia nzima."

Akatafuna chapati yake taratibu. "Hao walikosa picha za watu wasiowajua. Wewe je, mume wangu?"

Nikanyamaza. Akaongeza: "Halafu taa ya varanda iko nyuma yangu. Mimi nikijipiga picha dirisha likiwa nyuma natoka kivuli kitupu. Sasa huyo kasuku ataniona wapi?"

Miezi miwili, jamani, na taa sikuiwaza.

Ikabidi nikusanye picha upya, na ili nizipate lazima niwepo mlangoni anaporudi. Zamani saa hizo nilikuwa chumba cha nyuma na nyaya zangu, akibisha hodi napaza sauti, "Nakuja!" Sasa nikawa namngoja na simu mkononi. Nikampiga na sare ya unesi, na kanga, na rasta, na nywele zikiwa zimefumuliwa. Nyingine kanuna kabisa.

Siku ya nne, nikiwa naelekeza taa, akasema kama anazungumzia hali ya hewa kwamba wodi ya wazazi imemshinda, usiku uliopita kampoteza mama mmoja mikononi mwake.

"Wodi ya wazazi? Si uko kliniki ya watoto?"

"Walinihamisha. Mwezi sasa."

Mwezi. Nikaweka simu chini. Tulikaa kwenye kizingiti hadi maharage yakaungua, akaniambia habari za yule mama tangu mwanzo. Picha ya siku ile sikuipiga.

Zilipofika 160 nikaifundisha mashine upya, na balbu nikaihamishia juu ya kichwa cha kasuku ili imulike anayeingia. Ijumaa akafungua mlango. "Karibu nyumbani, malkia." Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema sauti yangu ni ya mtangazaji wa matangazo ya vifo. Kisha akataka nimfundishe kurekodi.

Siku hizi nikiingia mimi hasemi tena "bosi". Ni sauti ya mke wangu: "Mkate umenunua?"

Juzi nilisahau, nikajaribu kuingia na kofia nimeishusha hadi machoni. Alinijua.