Klipu na tabaka: kwa nini uso uliouficha unaweza kuonekana tena

Hapa kwetu Kolwezi, kila mwenye telefoni iko mpiga picha. Udongo ukianguka kwenye shimo, maji yakikosekana kwenye kartiye, malori yakifunga njia, video inafika kwenye WhatsApp mbele hata habari isomwe kwenye redio. Wengi wenu munafanya montaji kwenye telefoni ile ile, na CapCut ao KineMaster. Wengine wanatumia Kdenlive kwenye kompyuta, programu ya bure. Katika zote, kazi inasimama juu ya vitu viwili: klipu na tabaka. Ukizipanga vibaya, mtu aliyekubali kusema mbele yako anaweza kupoteza kazi yake.

Klipu ni kipande cha video, sauti ao picha ulichoweka kwenye montaji. Ukikikata, faili ya asili haiguswi. Programu inakumbuka tu: anzia hapa, malizia pale. Njo maana unaweza kukata na kurudisha bila woga. Lakini ujue pia kwamba kile ulichokata kingali kizima kwenye telefoni yako.

Tabaka ni mstari unaowekwa juu ya mwingine. Watu wa Lualaba tunajua jambo hili: mbele ya kufika kwenye madini, kampuni inaondoa kwanza udongo wa juu, kwa sababu wa juu ndio unaofunika wa chini. Video iko vile vile. Ukiweka kiboksi cheusi kwenye tabaka ya juu, uso ulio kwenye klipu ya chini hauonekani. Angalisho moja: kwenye telefoni, tabaka mara nyingi inaonekana chini ya klipu kubwa ukiangalia ile mistari, lakini kwenye picha yenyewe iko juu. Usiamini mistari, amini picha.

Sauti hazifunikani, zinachanganyika. Ukiweka muziki ao sauti ya mtu mwingine juu ya sauti ya shahidi, zote mbili zitasikika. Kama unataka mtu mwingine asome maneno yake, lazima uzime kabisa sauti ya klipu ya kwanza.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe. Tuseme mchimbaji, wale tunaita creuseurs, anaongea namna wanavyouza mawe yao. Klipu iko na sekunde 40. Uso wake unaonekana toka sekunde ya 10 mpaka ya 25, na wewe umeweka kiboksi hapo hapo. Vizuri. Kisha unaona mwanzo ni murefu, unakata sekunde 5 za kwanza. Klipu inasogea nyuma: uso sasa unaanza kwenye sekunde ya 5. Lakini kama tabaka ya kiboksi haikufungwa pamoja na klipu, yenyewe inabaki kwenye sekunde ya 10. Kwa sekunde 5 nzima, uso uko wazi. Na wabaya hawahitaji sekunde 5: wanasimamisha video, wanapiga picha ya kioo, imekwisha.

Kwa hiyo, fuateni mpango huu:

1. Kata kwanza, ficha mwisho. Usiweke kiboksi mbele ya klipu kuwa na urefu wake wa mwisho.
2. Tumia kiboksi kizito kisichopitisha kitu, si ukungu mwepesi. Ukungu mwepesi unaacha umbo la uso, na anayemjua atamtambua.
3. Mtu akigeuza kichwa, kiboksi kimufuate. Kama programu inafanya yenyewe, uhakikishe bado.
4. Angalia mambo mengine: namba ya pikipiki, jina kwenye kofia ya kazi, mulango wa nyumba yake.
5. Ukisha kutoa video ya mwisho, iangalie yote polepole, toka sekunde ya kwanza. Uiangalie ile uliyotoa, si ile iliyo ndani ya programu.
6. Tuma ile ya mwisho tu. Montaji yenye tabaka wazi, mwenye kuipokea anaondoa kiboksi kwa kidole kimoja. Klipu ya asili nayo usimupe mtu.

Tabaka zinaweza pia kudanganya. Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulianguka kwenye shimo la KOV, la kampuni Kamoto Copper Company, na kadiri ya wachimbaji 40 walikufa. Picha za siku ile zingali kwenye intaneti. Mtu akiweka moja kwenye tabaka ya juu, na chini yake sauti inayosema "asubuhi ya leo", picha ni ya kweli, lakini video imekuwa uongo. Mama wa Musonoi atakimbia shimoni kutafuta mtoto wake. Kama unatumia picha ya zamani, ongeza tabaka ya maandishi yenye mahali na mwaka, na ibaki mpaka klipu inaisha. Tena, sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu mwenye kueneza habari za uongo kwa kusudi.

Mbele ya kubonyeza "tuma", jiulize maswali mawili: ni nani yuko chini ya kiboksi, na kiboksi kinamufunika mpaka sekunde gani? Kama hauna jibu la yote mawili, video haijaisha.