MATEMBEZI YA BABU NA WAJUKUU MJINI CHICAGO

Mzazi aliyemsomesha mwanawe mpaka akapata kazi Marekani huitwa siku moja aende akawaone wajukuu. Wazee wengi wa Kenya wamekwisha kufanya safari hiyo. Lakini baadhi yao wakirudi na kuulizwa habari za nchi ile, hawana la kusimulia ila baridi, ndege waliyopanda, na kuta za nyumba waliyokaa. Mwana na mkewe walikuwa kazini mchana kutwa, na mzee akaona haya kuomba atembezwe, kwa kuwa alidhani kwamba katika mji mkubwa kila hatua yataka fedha.

Kwa mji wa Chicago dhana hiyo si ya kweli. Mji huo una mahali pengi ambapo baba, mama, watoto na wazee wao waweza kukaa kutwa nzima wakifurahi bila kulipa hata senti moja. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu mahali hapo palipo, na pia namna palivyopatikana, kwa maana hapakupatikana kwa urahisi.

BUSTANI ISIYO NA KIINGILIO

Chicago uko katika jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan. Ziwa hilo ni dogo kidogo kuliko Ziwa Victoria, na maji yake hayana chumvi. Ukisimama ufukoni huoni ng'ambo, bali maji na mbingu tu. Karibu ufuko wote wa mji ni bustani za watu wote, na njia ya kutembea kwa miguu na kwa baiskeli hufuata ziwa kwa muda wa maili 18 na nusu.

Anayetaka kuanza vema na aende Lincoln Park, upande wa kaskazini. Humo mna bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1868, na viumbe wake wa kwanza walikuwa mabata-maji walioletwa zawadi kutoka New York. Mtu huingia bure siku zote za mwaka, awe mwenyeji au mgeni. Labda mzee wa Kenya atasema, "Je, nimevuka bahari ili nimtazame twiga?" Basi na amwache twiga, aende kumtazama dubu mweupe wa nchi za barafu, ambaye hakupata kumwona kwao.

Katika bustani hiyo hiyo kuna shamba dogo lililofunguliwa mwaka 1964, lenye ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Mkulima wa Nyeri au wa Kakamega huenda akacheka kuona watu wazima wakimtazama ng'ombe kana kwamba ni kitu cha ajabu. Asicheke sana. Mtoto aliyelelewa katika nyumba za ghorofa hujua maziwa ya dukani tu, kiwele hajakiona. Tangu babu afike, mjukuu ndiye aliyekuwa akimfundisha kila jambo: simu, mlango ujifunguao wenyewe, ngazi ziendazo kwa umeme. Hapo shambani mambo hugeuka. Babu ndiye aelezaye jinsi ndama anavyozoezwa kunywa, na kwa nini mbuzi hupenda kupanda juu ya mawe, na mjukuu humsikiliza. Saa moja ya namna hiyo ina faida kuliko zawadi nyingi.

SIMBA WA TSAVO

Kusini mwa bustani iitwayo Grant Park, katikati ya mji, liko jumba kubwa la makumbusho, Field Museum. Lilianzishwa mwaka 1893, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1921. Mkenya asiondoke Chicago kabla hajaingia humo, kwa sababu wamo watu wa kwao, kama twaweza kuwaita hivyo: wale simba wawili wa Tsavo.

Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo, madume wawili wasio na manyoya ya shingoni waliwavamia wajenzi wa daraja usiku baada ya usiku, hata kazi ikasimama. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo. Ngozi zao alizitandika kama mazulia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Wageni wengi hushangaa kuwaona simba hao kuwa wadogo kuliko sifa zao. Sababu ni kwamba ngozi zilikuwa zimepunguzwa zilipotengenezwa mazulia, na mafundi wakawaunda simba kwa kadiri ya ngozi iliyobaki. Patterson aliwahi kusema kwamba watu 135 waliuawa. Lakini wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria, mwaka 2009, kwamba watu walioliwa walikuwa kama 35.

Mtoto aliyezaliwa Chicago akisimama mbele ya kioo kile pamoja na babu aliyevuka daraja la Tsavo kwa gari la moshi, hujifunza kwamba nchi ya wazee wake imo katika historia ya dunia. Wakitoka hapo na wamwone Sue, mifupa ya yule mnyama mkubwa wa kale aitwaye dinosaria, yenye urefu wa futi 40 hivi, iliyonunuliwa mwaka 1997 kwa dola zaidi ya milioni 8.

Jumba hili hulipisha, na kiingilio si kidogo kwa jamaa ya watu sita. Lakini wakaao Illinois hupewa siku fulani za kuingia bure, hivyo mwenyeji akitazama tarehe mapema atamlipia mgeni wake peke yake.

VIFARANGA NA NYAMBIZI

Upande wa kusini zaidi, katika Jackson Park, kuna jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda lililofunguliwa mwaka 1933. Jengo lenyewe ni masalio ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanywa hapo mwaka 1893. Ndani yake mna nyambizi ya Wajerumani, U-505, iliyotekwa na Wamarekani mwezi wa Juni 1944 nje ya pwani ya Afrika ya Magharibi, ikaletwa Chicago mwaka 1954. Hata hivyo watoto wadogo hawaijali sana nyambizi. Wao hujazana mbele ya sanduku la kioo ambamo mayai huanguliwa, wakangoja kifaranga apasue ganda. Mfugaji wa kuku naye atasimama hapo muda mrefu kuliko alivyotazamia.

Ilikuwa katika maonyesho yale ya 1893 ambapo mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la kwanza la namna yake, lenye kimo cha futi 264 na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60. Gurudumu hilo halipo tena. Lakini kwenye gati liitwalo Navy Pier, lililojengwa mwaka 1916, lipo jingine la mwaka 2016 lenye kimo cha karibu futi 200. Kutembea gatini ni bure. Kupanda gurudumu ni kwa malipo.

Katikati ya mji, bustani ya Millennium Park, iliyofunguliwa mwaka 2004, haina kiingilio. Humo mna umbo la chuma king'aacho, mfano wa punje kubwa ya haragwe, kazi ya Anish Kapoor, lenye uzito wa karibu tani 100. Mtu hujiona humo pamoja na mji wote nyuma yake. Karibu yake ipo minara miwili ya futi 50 ionyeshayo nyuso za wakazi wa mji, na siku za joto nyuso hizo hutema maji kinywani. Watoto wa kila rangi hukimbilia chini yake wakalowa, na wazazi hukaa kando wakila chakula walichofunga nyumbani.

UFUKO HAUKUJA BURE

Mwaka 1836 wakubwa waliopima viwanja vya mji waliandika juu ya ramani kwamba ardhi ya kando ya ziwa ni mali ya wote, nayo isijengwe kamwe. Lakini mji ulipokua, wengi waliitamani ardhi ile. Aaron Montgomery Ward, mfanyabiashara aliyeanza mwaka 1872 kuwauzia wakulima bidhaa kwa posta, alikwenda mahakamani mwaka 1890 kuyatetea maandishi yale. Kesi ziliendelea mpaka mwaka 1911. Hata hilo jumba la Field Museum alikataa lijengwe katikati ya bustani, ingawa lilikuwa jambo jema, na watu wengi walimlaumu. Alishinda; ndiyo maana jumba lilipelekwa kusini, na bustani ikabaki.

Hata hivyo, ardhi kuwa ya wote katika karatasi ni jambo moja, na kuwa ya wote kwa kweli ni jambo jingine. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea ziwani na wenzake juu ya chelezo. Walipita mpaka usioonekana kati ya maji ya weusi na maji ya weupe. Sheria ya mpaka huo haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi tu. Mzungu mmoja akawatupia mawe, na Eugene akafa maji. Polisi hawakumkamata mtu yule, na fitina ikawaka mji mzima kwa muda wa juma zima. Watu 38 walikufa: weusi 23 na weupe 15.

Miaka mingi baadaye, mwezi wa Agosti 1960, vijana weusi na weupe walikwenda pamoja kuoga katika ufuko uitwao Rainbow Beach, wakatupiwa mawe. Mwaka 1961 wakarudi, na wakazidi kurudi, mpaka ufuko ukazoea kuwaona. Mzee wa Kenya akiketi leo juu ya mchanga ule, na wajukuu wakicheza majini, na ajue kwamba nafasi yake ililipiwa na wengine kabla yake.

MANENO YA MWISHO KWA WASAFIRI

Wakati mzuri wa matembezi ni kuanzia Juni hadi Septemba. Januari upepo wa ziwa hukata kama kisu. Safari ya mjini yafaa kwa treni ya umeme ipitayo juu ya nguzo. Mtoto wa chini ya miaka 7 akiwa na mkubwa alipaye, hupanda bure. Chukueni chakula, maji, na koti hata wakati wa joto, kwani hali ya hewa hubadilika upesi. Msijaribu kuona kila kitu siku moja: bustani ya wanyama na ufuko yatosha siku ya kwanza, na jumba moja la makumbusho siku ya pili.

Nanyi vijana mlioko ng'ambo, wazee wenu hawatawaomba mwatembeze. Watasema kwamba wanatosheka kukaa nyumbani. Msiwasadiki. Jumamosi moja waamsheni mapema, mkawashike mkono, mkawapeleke ziwani. Tembea uone, walisema wahenga. Na mzee akirudi kijijini atakuwa na la kusimulia zaidi ya baridi.